Herufi Mbili Mgongoni

Sekela,

Usianze kusoma mwisho. Nakujua. Ndivyo unavyokula, unamaliza nyama kwanza, halafu ugali unausukuma pembeni kama umeletwa na adui. Anza hapa, uje nayo polepole mpaka chini. Na usipekue begi kutafuta jezi yako. Ipo, nimeikunja chini ya nguo zote, utaitoa nikikwambia.

Mimi sipo. Nimekwenda kukaa kwa Mama Zuhura, ukimaliza kusoma utanikuta huko. Naandika mchana huu, wakati wewe umezunguka sokoni kuaga watu, kwa sababu nikisema kwa mdomo tutagombana tena kama juzi, na sitaki upande basi kesho tukiwa tumegombana. Hilo nilishalifanya na mtu mwingine. Nimelijutia miaka mingi.

Mambo ya kufua, ya kutokula ovyo njiani, na ya wanaume wa Dar, siandiki. Kama hukuyashika mpaka leo basi nilikuwa nalea mbuzi. Na mwandiko wangu usiucheke. Mimi ni wa darasa la saba, tena ile saba ya zamani, jembe tulilishika kuliko kalamu.

Sasa juzi. Ulirudi kutoka kwenye mchujo wa Mbeya na jezi ya taifa, ukaivaa kabla hujanisalimia, ukasimama uani unageuka geuka watu wakuone. Mama Zuhura akapiga vigelegele mpaka wateja wake wakaacha kupima vitenge. Mimi nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Ulipogeuka nikasoma mgongoni: SIMFUKWE.

Nikakuuliza, "Nani huyo?"

"Mimi, Bibi. Nani tena?"

"Wewe ni mwanaume?"

Ukacheka. Ukasema uliwaandikia Namfukwe, sawasawa, ila yule kijana wa kubandika majina alisema umekosea, yeye anawajua kina Simfukwe, akakurekebishia. "Ni herufi mbili tu, Bibi. Dar nani atajua? Mbona unakuwa mgumu hivyo?"

Nikaweka mwiko chini, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Ugali ukaungua. Ulidhani nimenuna. Nilinuna, ndiyo. Lakini kuna neno nyuma ya kununa huko, nalo ndilo nakuandikia.

Kwetu Wanamwanga, mwanaume ni Si, mwanamke ni Na. Baba ni Simfukwe, binti yake ni Namfukwe, ukoo ni ule ule. Unalijua hili tangu unatambaa, lakini nakuelezea kama mgeni kwa sababu juzi ulinijibu kama mgeni. Na sisi watatu, mimi, mama yako Edina na wewe, wote tumebaki kina Namfukwe, maana hakuna mwanaume aliyekuja na mahari akayamaliza. Watu wakitaka kunitukana sokoni husema, "Ukoo wa wanawake watupu." Nawajibu, ndiyo, na tumekula, tumevaa, hatujaomba chumvi kwenu. Chumvi nauza mimi.

Ile timu unayokwenda kuichezea mimi niliichezea. Umesikia vipande vipande, najua, nikiwa nimefurahi kwenye harusi. Leo nakupa nzima.

Nilikuwa mshona magunia kwenye ghala la shirika la mazao, kule Vwawa. Mahindi na kahawa vinakuja, tunajaza, tunashona midomo kwa shazia, ile sindano nene inayokaa kwenye kopo langu mpaka leo. Magunia matupu tulikuwa tunayafunga mafungu na kuyarusha juu ya lundo. Wenzangu walipanda ngazi. Mimi nilirusha kutoka chini, likatua nilipotaka. Siku moja akaja bwana mmoja wa michezo kutoka makao makuu, akasimama anatazama. Wakati ule kila shirika lilikuwa na timu zake, na mkubwa wa shirika alijivunia timu kama unavyojivunia simu.

"Dada," akasema, "umewahi kucheza kikapu?"

"Kikapu nabebea mboga, Mzee."

"Rusha lingine."

Nikarusha. Akaniambia nirushe kutoka kule mlangoni. Nikarusha, nikaona anatabasamu peke yake. Hivyo ndivyo nilivyokwenda Dar, siyo kwa cheti. Nilipoaga nyumbani Msangano, mama yangu aliniuliza, "Huko hawana watu wa kusuka vikapu mpaka wakuite wewe?" Nikamwelewesha, hakuelewa, akanifungia karanga. Edina nilimwacha pale. Alikuwa mdogo wa kubembelezwa alale. Alinishika gauni, nikamtoa vidole kimoja kimoja.

Dar asubuhi nilikuwa ghalani, jioni uwanjani. Uwanja wa sementi, una mikwaruzo inayochuna goti kama mbuzi ya nazi. Haikupita muda nikaitwa timu ya taifa. Usione mlivyo leo ukadhani na sisi tulikuwa hivyo. Tulilala darasani kwenye magodoro ya kuazima. Raba zilikuwa chache, kwa hiyo wachezaji wawili walichangia jozi moja. Mimi nilichangia na kapteni wetu, Mwanahawa, mtoto wa Tanga, mweusi wa kung'aa, mdomo kama wembe. Mwalimu akitaka kunitoa, nakaa chini navua, Mwanahawa anavaa zikiwa za moto, anaingia. Watu jukwaani wanapiga kelele, "Funga kamba, dada, mpira unaondoka!" Na tulivaa sketi, Sekela. Sketi! Unaruka kugombea ribaundi huku mkono mmoja unashika nguo. Halafu tukirusha kutoka mbali kabisa, kule ambako ninyi mmechorewa mstari mnapewa pointi tatu, sisi tulipewa mbili, kwa sababu kwenye viwanja vyetu mstari huo ulikuwa bado haujachorwa. Ninyi mnalipwa zaidi kwa kazi ile ile. Kumbuka hilo ukianza kujiona.

Basi tukaambiwa tunakwenda kucheza Zambia, timu ya wanawake na ya wanaume, pamoja. Tukapelekwa kuandikwa hati za kusafiria. Karani alikuwa mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua.

"Jina la baba?"

"Simfukwe."

"La kwako?"

"Anyesi Namfukwe."

Akavua miwani. "Binti, baba Sim, mtoto Nam, wapi na wapi? Hilo la pili ni la mume?"

"Hapana, Mzee. Kwetu mwanamke anaitwa hivyo."

"Kwenu wapi?"

"Msangano."

"Sijui ni wapi. Hapa mtoto anaandikwa jina la baba yake. Unataka kusafiri au hutaki?"

Nilitaka. Nilitaka mpaka meno yalikuwa yananiuma. Mimi niliyewatolea ukali wanaume wa ghala zima, siku ile nilisema, "Andika tu, Mzee." Akaandika. Wala haikuwa adabu, usije ukanitetea. Niliogopa treni isiniache.

Mwanahawa alipoiona hati alikaa chini akacheka. "Si Mfukwe! Haya shoga, kama si Mfukwe, ni nani?" Kuanzia hapo akaniita Sinani. Timu nzima ikashika, Sinani pasi, Sinani rudi nyuma. Nikacheka nao. Kwenye karatasi ya refa nikaandikwa Simfukwe, na watangazaji wakapewa karatasi ile ile.

Treni ilipita hapa Tunduma. Ilisimama kidogo, nikachungulia dirishani, nikaona wanawake wanauza viazi vya kuchemsha, na nyuma yao vilima vya kwetu. Sikushuka. Baba nilikuwa nimemtumia salamu kwamba tutacheza, na redio itatangaza. Mzee yule alitembea mpaka kwa mwalimu mwenye redio, amembeba Edina mgongoni, akakaa mbele kabisa. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani tu, cha kuulizia bei ya ng'ombe. Lakini jina la binti yake angelisikia hata likisemwa chini ya maji.

Siku ile nilicheza, Sekela. Sikucheza tena namna ile maishani. Mkono ulikuwa umefunguka. Nikirusha, naona inaingia kabla haijafika. Wenzangu uwanjani nilikuwa kama najua watakapokwenda. Mwanahawa alikaa benchi miguu mitupu, akakataa raba zake. "Baki nazo, Sinani, leo zina wenyewe." Ila kulikuwa na Wanamwanga wa upande ule jukwaani, nao waliposikia kipaza sauti kikisema Simfukwe, wakaanza: "Mwanaume kavaa sketi! Refa, mkague!" Nikawa nawajibu kwa kufunga.

Yaliyotokea kule kwa mwalimu mwenye redio niliyasikia baadaye kwa mama yangu. Redio inasema, Simfukwe anapokea, Simfukwe anageuka, Simfukwe anafunga. Watu wanampongeza baba, wa ukoo wako huyo, Mzee. Baba anatikisa kichwa, anasema, "Kijana hodari. Lakini nyamazeni, nasubiri binti yangu." Edina yuko mapajani kwake, anauliza, "Babu, mama yuko wapi?" Babu anajibu, "Hawajamtaja bado." Simfukwe anafunga tena. "Hawajamtaja bado." Mpaka redio ikahamia taarabu. Akambeba mtoto, akarudi nyumbani, hakula.

Nilipofika likizo alinipokea mlangoni kama anapokea mfiwa. "Pole mwanangu. Hawakukuingiza. Mwakani watakuona." Nikamwambia, "Baba, nilicheza. Yule Simfukwe ni mimi." Akaniangalia kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyonichoma. "Mwanangu," akasema, "mwanamke haitwi Simfukwe. Usijifunike nguo ya mwenzio. Kukaa benchi si aibu." Halafu akaniuliza, yule kijana ni wa upande gani, wa Ivuna au wa mpakani, anataka kumpelekea jogoo.

Nilibishana naye mpaka mama akanikataza. Baba hakupata nafasi nyingine ya kunisikia redioni. Alikufa anajua kwamba nchi ilimpeleka binti yake Zambia akakae kwenye benchi.

Ndiyo maana juzi niliacha ugali uungue. Kwako ni herufi mbili tu. Baba yangu alisubiri Na mchezo mzima, na wewe umebebeshwa Si ile ile niliyobebeshwa mimi.

Ngoja, bado sijamaliza. Sijafika kwa mama yako.

Baadaye yakaja mambo ya kuuza mashirika. Tukaitwa ghalani, tukaambiwa kuna mwenyewe mpya. Mwenyewe akatembea, akatazama, akasema yeye amenunua ghala, hakununua wanawake wa kukimbia. Sikumlaumu sana, alisema alichoona. Lakini timu ilikuwa imeegemea pale, na zilizobaki zilikuwa zimeegemea mashirika mengine, nayo yakauzwa. Uwanja wetu ukawekwa magari ya mitumba kutoka Japani. Mwanahawa akawa anafundisha wasichana kwenye kiwanja cha shule, mpira mmoja, wengine wanaruka wakisubiri zamu. Mwisho akaolewa Pemba, nikapoteza habari zake. Timu ya taifa ilibaki jina. Mwaka mwingine wanaitwa, mwaka mwingine wanaambiwa rudini makwenu hakuna nauli. Nilisikia kuna wasichana waliojishonea jezi. Nikirusha macho nyuma ile miaka naiona kama uwanja baada ya mvua, mistari imefutika, hakuna anayejua wapi ni nje.

Nikarudi huku. Nikaanza kuchukua chumvi ya Ivuna nauza Tunduma, na boda ilipochangamka, na mimi nikachangamka. Edina alikuwa amekua amenipita urefu. Nikamwomba fundi wa malori aniunganishie ringi ya gurudumu kwenye nguzo, pale nyuma ya choo, ile ile uliyoanzia wewe. Mama yako alikuwa bora kuliko mimi. Sijawahi kulisema hili kwa mdomo. Mimi nilikuwa na mkono tu, yeye alikuwa na mkono na macho. Alikuwa anatoa pasi mahali ambapo hakuna mtu, na mtu anatokea. Lakini nani angekuja kumwona Tunduma, miaka ile, wakati huko Dar kwenyewe timu yenyewe haionekani? Akakuzaa wewe, baba yako dereva akapita zake, mimi nikapika uji. Akarudi kwenye ringi na wewe umefungwa mgongoni kwangu.

Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wasichana walikuwa na timu. Ni kutembea tu, unajua mwenyewe, unanunua nyanya huku unakwenda kunyolewa kule. Edina akawa anavuka jioni anacheza, anarudi. Nikajifanya sioni. Siku moja akarudi amevaa jezi yao, ya kijani. Hakuwa na furaha kubwa, alikuwa kama mtu aliyebeba yai. Akageuka anionyeshe mgongo. NAMFUKWE.

Mimi sikuona jina, Sekela. Niliona rangi. Nikamwambia, "Mimi nilivaa ya Tanzania, na raba za kuchangia. Wewe unavaa ya Zambia hapa kwangu?"

"Mama, huku timu iko wapi? Nionyeshe, niende leo."

"Itarudi."

"Na mimi nitakuwa bibi kama wewe nikisubiri."

"Vua."

"Mama, soma kwanza. Yule mama wa kule anayeandika majina aliniuliza ukoo, nikasema sisi ni wa kina Simfukwe. Akaandika Namfukwe mwenyewe. Sikumfundisha. Mama, mimi nilikuwa mapajani kwa babu siku ile. Soma."

Sikusoma. Nikamwambia, ukitoka na hiyo, lala huko huko. Kuna maneno mtu anasema akijua mwenzake hatayafuata. Yeye aliyafuata. Alikubusu kisogoni, ulikuwa unakula karanga hukugeuka hata, akatoka, na ile jezi ya kijani nikaiona inapita kwenye geti la mpaka, jina lake kubwa, limeandikwa vizuri, na mimi ndio kwanza nalisoma. Nililisoma likiwa linaondoka.

Sikumkimbilia. Niliona aibu ya watu wa boda, wanaonijua.

Timu ile ikampeleka mbele, Kasama, baadaye Ndola. Kwa muda madereva waliniletea salamu. Mmoja wao, Mbemba mwenye jino la dhahabu, alikuwa akija kununua chumvi anaanza kwa kuniita mama kwa lugha yao: "Bamayo, binti yako nimemwona, anafundisha wasichana kikapu, anakemea kama wewe." Nilikuwa namwongezea kipimo bila kumwambia kwa nini. Halafu yule dereva akaacha kupita. Namba ya simu ya mama yako aliyoniletea ikipigwa inasema haipatikani. Umeniuliza mara nyingi mama yuko wapi, nami nikakujibu yuko kazini. Nilikuwa najibu kama babu. Hawajamtaja bado.

Sijui kama anajua timu yetu imerudi. Maana imerudi kweli, siwezi kusema uongo. Juzi umenionyesha picha za kambi kwenye simu. Kila mmoja na raba zake. Maji ya chupa. Kuna dada wa kukanda misuli, kazi yake hiyo tu, kukanda! Suruali fupi, hakuna anayeshika nguo. Kifuani mmeandikwa matangazo ya kampuni za simu mpaka neno Tanzania limebanwa pembeni kama abiria aliyechelewa. Nimenung'unika, ukaniambia, "Bibi, bila hao hatusafiri." Haya. Sisi tulisafirishwa na magunia ya mahindi, ninyi safirishweni na vocha. Muhimu treni isiwaache.

Na mmeambiwa mechi ya kwanza ni na Zambia. Ulinitajia huku unatafuna muwa, kama jambo la kawaida. Nikakuuliza mtaonyeshwa? Ukasema wote watarekodi, kila mtu ana simu, itafika mpaka mwezini. Usiku ule sikupata usingizi, nikawa nahesabu mabati.

Sisemi mama yako atakuja na timu yao. Sisemi ataitazama popote. Inawezekana ameacha kikapu anauza samaki, anaugua, au hataki kutuona. Simjui tena vya kutosha hata niseme. Lakini kama yuko mahali, na mtu akampitishia simu usoni, akatokea msichana mrefu amevaa ya Tanzania, mgongoni SIMFUKWE, atafanya nini? Atasema kuna kijana hodari wa ukoo wetu. Ataendelea kusubiri. Ndivyo tunavyofanya, sisi wa nyumba hii, tunakaa mbele ya redio.

Sasa fungua begi. Toa jezi.

Usipige kelele. Nimeifanya leo asubuhi ulipokwenda kusuka nywele. Nilipasha pasi ya mkaa, nikaweka kitambaa chenye maji, nikazibandua zile mbili za mbele. S ilitoka vizuri. I ilileta ubishi kidogo, kuna alama pale, usiikwangue. Mama Zuhura alisimama mlangoni ameshika kichwa: "Bibi Sekela, unaharibu mali ya serikali!"

"Serikali iliharibu yangu kwanza," nikamjibu. "Lete mkasi."

Unaikumbuka jezi yangu iliyokuwa kwenye sanduku, ile niliyowahi kukuchapa kwa kuifutia baiskeli? Kifuani ilishonwa TANZANIA, herufi za kitambaa, si za kubandika kama zenu. Nimekata N ile ya kwanza na A ya mwisho. Iliyobaki sasa inasomeka TAZANI, tumecheka na Mama Zuhura mpaka tukakaa chini. Nimezishona mgongoni kwako kwa uzi wa magunia na ile shazia yangu. Mashono ni makubwa, najua. Zimepauka, hazifanani na nyingine, moja imekaa juu kidogo kwa sababu macho yangu siku hizi yanapanda. Lakini hazibanduki. Mahindi ya tani ngapi yamepita kwenye mshono huo, hata punje haikudondoka.

Mwalimu wenu akiuliza, usikubali upesi kama mimi nilivyokubali mbele ya yule mzee wa miwani. Mwambie kwetu mwanamke anaitwa hivi. Akisema kwenu wapi, mwambie Msangano, na kama hajui ni wapi, mwelekeze. Akikataa kabisa, akasema uivue, hapo utaamua mwenyewe, mimi sitakuwepo. Sitakulaumu ukichagua kucheza. Nilichagua hivyo hivyo na mkono ulifunguka. Lakini sema kwanza. Akatae akiwa amesikia.

Na kama siku ile kuna mama yeyote mrefu upande wa Zambia, anakemea wasichana wake kama mimi, usimkimbilie kabla kipenga cha mwisho hakijalia. Ni mechi. Mfungeni kwanza. Kisha mwambie bibi alisoma. Hilo tu, ataelewa: bibi alisoma, alichelewa lakini alisoma.

Jua linageuka, nasikia unacheka huko njiani na akina Zuhura, natoka kwa mlango wa nyuma. Ugali uko kwenye sufuria, anza na ugali.

Kesho ivae juu ya sweta, stendi alfajiri kuna baridi. Ukipanda basi usigeuke kunipungia. Nitakuwa nimesimama pale kwa kazi moja, nataka kuusoma mgongo huo mpaka mlango ufungwe. Kule uwanjani, ukifunga, ndipo ugeuke, usimame kidogo, wausome na wengine.

Ni mimi bibi yako, na andika hivi hivi ukiniandikia,

Anyesi Namfukwe